Uzi: ESP32 inawaka vizuri mezani, ukiipachika memori kadi inagoma kabisa

Rele Nne

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, kichwa kimeshapata moto.

Nina bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja yenye Wi-Fi) ya pini 38, moduli yake imeandikwa ESP32-WROOM-32. Kazi ni ya banda la vifaranga: kihisi cha joto na unyevu, rele (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya taa za kupasha joto, na memori kadi ya kutunza vipimo vya usiku kucha, maana kule shambani mtandao unakuja na kuondoka utakavyo. Kila kitu nimekijaribu kimoja kimoja, kinafanya kazi. Nikiunga vyote pamoja, taa nyekundu ya bodi inawaka ila programu haianzi, na siriali monita inatapika hivi bila kukoma:

`rst:0x10 (RTCWDT_RTC_RESET),boot:0x3f (SPI_FAST_FLASH_BOOT)`
`flash read err, 1000`
`ets_main.c 371`

Soketi ya kadi nimeiunga kwa njia ya SD_MMC, laini nne za data, na kila laini ina rizista ya kilo-ohm 10 kwenda 3.3V kama kadi inavyotaka. Rele iko GPIO5 (GPIO ni pini za kuingiza na kutoa ishara). Nimebadilisha kebo ya USB, nimeweka bodi nyingine, ni yale yale.

Cha ajabu: nikichomoa waya ya D2 (laini ya tatu ya data) peke yake na kubonyeza EN, kitufe cha kuanzisha upya, bodi inawaka. Nikiirudisha ikiwa imeshawaka, inaendelea kama hakuna kilichotokea, mpaka nibonyeze EN tena.

Kijana wa Mjini

Flashi (memori ya ndani inayotunza programu) imekufa hiyo mkuu. "flash read err" imejieleza yenyewe. Nunua nyingine uendelee na maisha.

Rele Nne

Bodi mbili zife ugonjwa mmoja, halafu zote zifufuke nikichomoa waya? Hapana bwana.

Mzee wa Solda

Flashi nzima, usinunue kitu. Na hongera kwa kuleta maandishi ya siriali kama yalivyo. Wengi huja hapa na "bodi haifanyi kazi, nisaidieni", tukabaki tunapiga ramli.

Jibu lako liko kwenye namba `boot:0x3f`. Bodi iliyo salama huandika `boot:0x13`. Hiyo tofauti ndiyo ugonjwa.

ESP32 haina swichi ndogo ndogo za kuchagulia kama bodi za zamani. Machaguo yake ya kuwaka inayasoma kwenye pini tano: GPIO0, GPIO2, GPIO5, GPIO12 na GPIO15. EN inapopanda, chipu inaangalia kila moja ina umeme au haina, inaandika majibu, halafu inaziachia zirudi kuwa pini za kawaida. Ni kama askari wa getini: anakuuliza unapoingia, ukishapita hakufuati tena. Ndiyo maana ukirudisha waya ya D2 baada ya kuwaka, bodi haijali.

Ile namba baada ya `boot:` ni majibu hayo yakiwa yamejumlishwa. GPIO5 ikiwa juu inahesabiwa 1, GPIO15 ni 2, GPIO4 ni 4 (hiyo inaonekana kwenye namba ingawa haimo kwenye zile tano), GPIO2 ni 8, GPIO0 ni 16, na GPIO12 ni 32. Namba imeandikwa kwa heksadesimali, kwa hiyo 0x13 ni 19, yaani 16 + 2 + 1: GPIO0, 15 na 5 ziko juu, nyingine chini. Ndivyo ilivyo bodi isiyoguswa. Ya kwako 0x3f ni 63. Toa 19, inabaki 44, yaani 32 + 8 + 4: GPIO12, 2 na 4 zimevutwa juu na rizista za kadi. 2 na 4 hazizuii kuwaka, ila GPIO12 ipo juu wakati haikutakiwa.

Sasa angalia D2 ya SD_MMC inaingia pini gani.

Rele Nne

GPIO12. Duh.

Lakini mkuu, GPIO12 inahusiana nini na flashi? Na ndani ya chipu si tayari kuna rizista ya kuivuta chini?

Mzee wa Solda

Kuna laini inaitwa VDD_SDIO. Inatoka ndani ya chipu na ndiyo inayolisha flashi. GPIO12 ikiwa chini, laini hiyo inatoa 3.3V. Ikiwa juu, inatoa 1.8V. Flashi iliyo ndani ya WROOM-32 yako ni ya 3.3V, haishiki kazi chini ya 2.7V. Ukiilisha 1.8V haijibu, chipu inasoma takataka, inaandika "flash read err", mlinzi wa muda anaiwasha upya, inasoma takataka tena. Ndiyo hiyo 0x10 unayoiona mwanzo wa mstari. Flashi haijaungua, imenyimwa chakula tu.

Kuhusu rizista ya ndani, ipo kweli, ila ni dhaifu, kama kilo-ohm 45. Wewe umeweka ya nje ya kilo-ohm 10 ikivuta juu. Piga hesabu: 3.3 mara 45, gawanya kwa 55, unapata 2.7V. Chipu inaanza kuhesabu "juu" kuanzia robo tatu ya voltiji yake, kama 2.5V. Ya ndani imeshindwa nguvu.

Weka mita GPIO12 na GND huku bodi ikihangaika. Ukikuta 2.7 au karibu yake, kesi imekwisha.

Rele Nne

2.68.

Kijana wa Mjini

Haya basi, nimekaa.

Mchoma Bodi

Mnazunguka mno. Dawa ya hii ipo, mstari mmoja tu:

`espefuse.py --port /dev/ttyUSB0 set_flash_voltage 3.3V`

Inachoma fyuzi za ndani ya chipu, kuanzia hapo voltiji ya flashi ni 3.3V daima, GPIO12 haiulizwi tena. Usiguse waya hata moja. Waliotengeneza chipu wenyewe wameiandika kwenye nyaraka zao kwa ajili ya tatizo hili hili la memori kadi.

Mzee wa Solda

Kweli imeandikwa, na kweli inatibu. Mimi bado sitampa mtu amri hiyo kabla hajajua ana moduli gani mkononi.

Fyuzi hizi si mpangilio unaoweza kuufuta. Kila moja inatoka kiwandani ikiwa 0, ukiichoma inakuwa 1, na haitarudi 0 mpaka unaitupa bodi. Ndiyo maana programu inakulazimisha uandike BURN kwa mkono wako. Sasa chukua mtu mwenye moduli ya zamani ya WROVER, ile ya mwanzo isiyo na herufi B. Flashi na PSRAM (memori ya ziada ya kufanyia kazi) yake ni za 1.8V, na ndani ya moduli GPIO12 imevutwa juu kwa makusudi. Huyo akinakili mstari wako anailisha flashi ya 1.8V umeme wa 3.3V, moja kwa moja. WROVER-B ni 3.3V, haina shida hiyo. Lakini kwa macho zinafanana sana, na zile bodi za bei chee nyingine zina bati lisilo na maandishi kabisa.

Anayetaka kujua bodi yake imesimama wapi aanze na hii, haichomi chochote:

`espefuse.py --port /dev/ttyUSB0 summary`

Mwisho kabisa wa maelezo kuna mstari wa voltiji ya flashi. Kama fyuzi hazijaguswa, utaambiwa inaamuliwa na GPIO12 wakati wa kuwasha. Kama zimeshachomwa, utaambiwa imewekwa na fyuzi. Ukinunua bodi ya mkononi kwa mtu, hii ndiyo kitu cha kwanza kuangalia.

Mchoma Bodi

Sawa kuhusu WROVER. Ila jamaa amesema WROOM-32, kwake hakuna hatari.

Mzee wa Solda

Kwake hakuna. Angekuwa anatengeneza vifaa mia vya kuuza, na kadi lazima iende laini nne kwa sababu ya kasi, ningemwambia choma zote na uandike kwenye karatasi ya bidhaa. Lakini huyu anaandika joto la banda kila baada ya dakika kadhaa. Kasi ya laini nne ataipeleka wapi? Waya zinahamishika bure.

Rele Nne, una njia mbili.

Ya kwanza: baki na SD_MMC lakini kwa laini moja ya data. `SD_MMC.begin("/sdcard", true)`. Hapo unatumia GPIO14, 15 na 2 tu, GPIO12 inabaki huru. D3 ya upande wa kadi iache na rizista yake ya kuvuta juu hata kama hujaiunga na bodi, la sivyo kadi inaweza kudhani umeiita kwa njia ya SPI (ile nyingine ya kuongea na kadi).

Ya pili, ambayo ndiyo ningeichagua mimi: hamia SPI ya kawaida. Saa GPIO18, MISO 19, MOSI 23, CS (pini ya kuiita kadi) 5. GPIO5 nayo ni mojawapo ya zile tano, ila inataka kuwa juu wakati wa kuwasha, na CS ya kadi ikiwa haijaitwa huwa juu. Zinapatana.

Ila sasa rele itabidi ihame.

Binti Voltiji

Samahani kaka, kabla hujaendelea. Hiyo njia ya kwanza D0 inaingia GPIO2, nayo ni mojawapo ya hizo tano. Haileti shida?

Mzee wa Solda

Inaleta, dada, na umeiona mapema. Kuwaka itawaka vizuri. Shida inakuja siku ya kupakia programu mpya. Ili chipu ikubali kupakiwa, GPIO0 iwe chini na GPIO2 pia iwe chini. Rizista ya kadi inaishikilia GPIO2 juu, basi upakiaji unagoma na mtu anaanza kulaumu kebo.

Dawa: unga GPIO0 na GPIO2 kwa waya ya jampa. Saketi ya bodi inaposhusha GPIO0 ili kupakia, inaishusha na GPIO2 pamoja nayo. Au chomoa kadi kila unapopakia, ukiwa na uvumilivu huo.

Jua Kali 254

Nimeona mahali pa kupakia programu pametajwa, wacha niingilie kidogo. Mimi sina memori kadi, sina rele, bodi ni tupu kabisa, na bado napata hii:

`Wrong boot mode detected (0x13)! The chip needs to be in download mode.`

Kwa laptopu ya rafiki yangu bodi hiyo hiyo inapakia bila neno.

Mzee wa Solda

Soma namba uliyopewa: 0x13. GPIO0 ilikuwa juu wakati EN inapanda, chipu ikaenda kwenye programu ya zamani badala ya kusubiri mpya. Ingekuwa imeshuka vizuri ungeona `boot:0x3`, yaani GPIO15 na 5 peke yake.

Kwenye bodi kuna transista mbili zinazopokea DTR na RTS kutoka chipu ya USB, iwe CP2102 au CH340. Moja inashusha EN, nyingine inashusha GPIO0. Kompyuta nyingine hutuma ishara hizo mbili zikiwa zimepishana kidogo, EN ikapanda kabla GPIO0 haijakaa chini. Ukiweka kapasita kati ya EN na GND, mikrofaradi 1 hadi 10, EN inapanda polepole na GPIO0 inawahi. Kama ni ya elektroliti, mguu wa chanya uende EN.

Huna kapasita? Shikilia kitufe cha BOOT maandishi ya "Connecting" yanapoanza, uachie ikianza kuandika asilimia.

Jua Kali 254

Mikrofaradi 10 imefanya kazi mara ya kwanza tu nilipoiweka. Nilikuwa nimeitoa kwa redio mbovu. Shukran sana mzee.

Rele Nne

Nimerudi. Kadi nimeihamishia SPI, nikabonyeza EN, hii hapa:

`rst:0x1 (POWERON_RESET),boot:0x13 (SPI_FAST_FLASH_BOOT)`

Na faili limeandikwa kwenye kadi. Mzee ubarikiwe.

Rele sasa niipeleke wapi? Na kuna kitu nilisahau kukisema: ilipokuwa GPIO5, kila nikiwasha bodi ilikuwa inapiga "tak-tak" na taa za banda zinamulika kabla programu haijaanza. Nilidhani ni kawaida ya rele za bei nafuu.

Mzee wa Solda

Rele haina kosa. GPIO5, 14 na 15 hutoa mapigo mafupi chipu inapoamka, kabla programu yako haijashika usukani. Ukiweka LED huoni kitu, ukiweka rele unaisikia. Kwa taa ni kero tu. Kwa pampu au kitu kizito, kila umeme ukikatika na kurudi kinashtuka, na wote tunajua umeme wetu.

Peleka GPIO26. Kwa vitu vya kuendesha, mimi huwa natumia 25, 26, 27, 32 na 33, hazina historia mbaya. 6 mpaka 11 usiziguse hata kidogo, zimeshikwa na flashi ndani ya moduli. Kuna bodi za pini 38 zinazozitoa nje na watu wanaingia mtego. 34, 35, 36 na 39 ni za kupokea tu, haziwezi kutoa umeme wa kuwasha chochote, na hazina rizista za ndani. Ukiweka kitufe pale bila rizista ya nje, kitakuwa kinajibonyeza chenyewe.

Moduli yako ya rele ina kidaraja kilichoandikwa JD-VCC?

Rele Nne

Ndiyo, kipo pembeni, kinaunganisha JD-VCC na VCC. VCC nimeipa 5V.

Mzee wa Solda

Hicho nacho ni chaguo la maunzi, na wengi hawajawahi kukichomoa. Kikiwa kimekaa, upande wa koili na upande wa ishara vinakula 5V moja. Ishara ya moduli hizi huwasha ikishushwa, maana yake pini ya ESP32 inapoachwa huru inaning'inia kwenye umeme unaotoka upande wa 5V, na pini za ESP32 hazikutengenezwa kubeba 5V.

Kichomoe. JD-VCC ipe 5V kwa ajili ya koili, VCC ipe 3.3V kutoka kwenye bodi. GND ya 5V iende pini ya GND iliyo pembeni ya JD-VCC, si JD-VCC yenyewe, na kama unataka utengano kamili, chanzo cha 5V kiwe tofauti kabisa na cha bodi.

Jambo moja la kujaribu kabla ya kufunga kasha: kwenye baadhi ya moduli, ndani ya njia ya ishara kuna taa ya kuonyesha na taa ya optokapla (kiungo kinachopitisha ishara kwa mwanga) zimefuatana, zote mbili zinataka kama 3V kwa pamoja. Ukiwapa 3.3V, mkondo unaobaki ni mdogo sana na rele haivuti, au inavuta leo na kesho inakataa. Ikikufanyia hivyo, rudisha 5V na uweke transista ndogo ya NPN kati ya GPIO26 na ishara, rizista ya kilo-ohm 1 kwenye besi. Kwenye programu utageuza: juu ndiyo kuwasha.

Binti Voltiji

Mimi ya kwangu ni ya pawa. Kihisi cha unyevu wa udongo, betri moja ya 18650, waya ya chanya nimeiingiza pini ya 5V. Inawaka, inasoma udongo, ikifika kuunga Wi-Fi inaandika `Brownout detector was triggered` na kuanza upya. Kwa kebo ya USB haina shida. Mtu mmoja kanishauri nizime hiyo brownout (kinga ya voltiji ikishuka) kwenye programu.

Mzee wa Solda

Usiizime. Inakwambia ukweli ambao hutaki kuusikia.

Bodi nyingi za aina hii zina regyuleta ya AMS1117. Hiyo ili itoe 3.3V inataka ipewe zaidi ya volti moja juu ya hapo. Betri yako ikiwa imejaa ni 4.2V, ikikaa katikati ni 3.7V. Toa volti moja na ushee, unabaki na 2.6V hivi. Chipu inajikongoja hivyo hivyo mpaka redio iwake, mkondo unaruka ghafla, voltiji inaanguka. Watengenezaji wanataka chanzo kinachoweza kutoa angalau milimpere 500.

Weka kipandisha voltiji cha kutoa 5V kati ya betri na pini ya 5V. Au ruka regyuleta ya bodi kabisa, weka yako yenye upotevu mdogo, uingie pini ya 3V3. Ukiingia 3V3 hakuna kinga tena, kikomo ni 3.6V, kwa hiyo 18650 usiichomeke pale moja kwa moja. Na chagua mlango mmoja: USB, au 5V, au 3V3. Usilishe milango miwili kwa wakati mmoja.

Kihisi chako cha udongo kiko pini gani?

Binti Voltiji

GPIO27.

Mzee wa Solda

Basi ukitatua betri utarudi kuuliza kwa nini kinasoma vizuri bila Wi-Fi na kuharibika ikiwaka. GPIO27 iko upande wa ADC2 (kipimo cha pili cha voltiji ndani ya chipu), na ADC2 inagombewa na redio. Hamishia 32 mpaka 36 au 39, hizo ni ADC1.

Binti Voltiji

Nilikuwa nimeandika swali hilo tayari, nalifuta 😂

Kijana wa Mjini

Na mimi niulize sasa. Nimeleta ESP32-S3, imeandikwa N16R8. Arduino ina orodha ndefu ya machaguo nikibonyeza Tools: ukubwa wa flashi, PSRAM, partisheni, USB CDC. Nimeziacha zilivyo. PSRAM inasomeka sifuri na flashi inaonekana 4MB badala ya 16. Nimeuziwa feki?

Mchoma Bodi

Hapo tuko eneo langu. Si feki. N16 ni flashi megabaiti 16, R8 ni PSRAM megabaiti 8. Machaguo yale Arduino haiyasomi kwenye bodi, inaamini unachomwambia. Uliza chipu yenyewe kwanza kwa `esptool.py flash_id`, ikikwambia 16MB, weka Flash Size 16MB, na kwenye PSRAM chagua OPI, si QSPI. R8 ni ya njia nane.

Ukizidisha kinyume chake, yaani ukaandika 16MB kwenye bodi ya 4MB, itagoma kuwaka na kukuandikia:

`Detected size(4096k) smaller than the size in the binary image header(16384k). Probe failed.`

Hiyo hairekebishwi kwa waya, ni kurudi kwenye menyu na kupakia upya. Partisheni nayo uchague inayolingana na ukubwa. Ya kawaida ya 4MB inakupa kama 1.2MB ya programu, megabaiti zako 12 zinakaa bure.

Kijana wa Mjini

OPI imekubali, PSRAM imeonekana. Na zile pini tano za mzee, kwenye S3 ni zile zile?

Mchoma Bodi

Hapana. S3 ni GPIO0, 3, 45 na 46, na ya voltiji ya flashi ni 45. GPIO12 kwako ni pini ya kawaida, itumie unavyotaka. Ila ukiwa na R8, GPIO35, 36 na 37 zimechukuliwa na PSRAM, hata kama zimetolewa pembeni mwa bodi. ESP32-C3 nayo ina zake: 2, 8 na 9, na kitufe cha BOOT kiko 9.

Mzee wa Solda

Naongezea hapo kwa Mchoma: mwenye C3 asiishushe GPIO8 wakati wa kupakia, inatakiwa iwe juu. Bodi nyingi ndogo za C3 zimeweka LED pale pale.

Rele Nne

Mrejesho wakuu. Kidaraja nimekichomoa, kwa 3.3V rele ilivuta moja kati ya nne, nyingine zikawa zinalia tu bila kufunga. Nimeweka transista ya 2N2222 kwa kila moja na kurudisha 5V. Hakuna tak-tak tena hata nikizima na kuwasha ukutani.

Swali la mwisho: bodi yangu ya pili sasa haiandiki ule mstari wa `rst` kabisa, inaanza moja kwa moja na maandishi ya programu yangu. Kazi inafanya. Kuna kilichoharibika?

Binti Voltiji

Nijibu mimi, mzee apumzike. GPIO15 umeiunga na nini?

Rele Nne

Kitufe cha kuzimia kengele. Kiko chini muda wote, kikibonyezwa kinaachia.

Binti Voltiji

Ndiyo hicho. GPIO15 ikiwa chini wakati wa kuwasha, chipu inanyamazisha maandishi yake ya mwanzo. Bodi ni nzima, ila siku ikigoma hutapata namba ya `boot:` ya kutuletea hapa. Kihamishie 33.